Kabla ya Kununua Mfumo, Tuulize Udongo

Kwa mkulima wa korosho wa Masasi au Newala, hakuna siku ndefu kuliko zile zinazopita baina ya kupeleka mazao ghalani na kupokea fedha zake. Katika siku hizo jina lake husafiri. Huandikwa na karani wa chama cha msingi, hufika ghala kuu, huenda mnadani, huingia katika orodha ya malipo, na mwishowe hufika benki. Zamani safari hiyo ilifanywa kwa daftari na karatasi ya nakala. Siku hizi sehemu yake kubwa hupita ndani ya kompyuta. Jina likikosewa herufi moja, au namba ya akaunti ikipungukiwa na tarakimu moja, mkulima hujikuta amesimama mbele ya chombo kisichokuwa na masikio. Wakati huohuo vibarua wa palizi wanadai, deni la dukani limeiva, na sare za shule za watoto zinangoja.

Kwa hiyo swali la namna mifumo ya kompyuta inavyotengenezwa si swali la wataalamu wa fani hiyo peke yao. Ni swali la mwalimu anayetakiwa kuingiza takwimu za shule yake kila robo mwaka, la mganga wa zahanati, la mtendaji wa kijiji, la mhasibu wa halmashauri, na la mkulima ambaye pengine hajawahi kuigusa kompyuta lakini maisha yake yamo ndani yake. Watumishi wa umma ndio wanaopokea mifumo hiyo, ndio wanaolaumiwa inaposhindwa, na mara nyingi ndio wa mwisho kuulizwa inapobuniwa. Yafaa basi tuelewe kuna njia gani za kuitengeneza, na kila njia inatudai nini.

NJIA MBILI

Njia ya kwanza ni ya kufuatanisha hatua. Wataalamu hukusanya mahitaji yote, huyaandika katika kitabu kinene, na wakubwa hukitia saini. Ndipo mchoro wa mfumo unapochorwa. Mchoro ukikubaliwa, waandishi wa programu huanza kazi yao. Wakimaliza, hufuata upimaji, na baada ya upimaji hufuata sherehe ya makabidhiano. Hatua moja haianzi mpaka iliyotangulia imekwisha, kama maji yanavyoporomoka kutoka jiwe la juu hadi la chini pasipo kurudi nyuma. Ndiyo maana wenyewe huiita njia ya maporomoko.

Njia ya pili ni ya mizunguko mifupi. Watengenezaji hawajaribu kuandika kila kitu kabla ya kuanza. Huchukua sehemu ndogo ya kazi, mathalani kupokea mzigo ghalani na kutoa stakabadhi tu, huitengeneza kwa majuma mawili au matatu, na humpa karani aitumie. Karani huitumia, hulalamika, na malalamiko yake huwa ndiyo maelekezo ya mzunguko unaofuata. Mfumo hukua kama mti, kila tawi likitokea juu ya tawi lililokwisha kushika.

Kisa cha njia ya kwanza kina funzo ndani yake. Mwaka 1970 mhandisi mmoja wa Marekani, Winston Royce, aliandika makala juu ya namna ya kusimamia utengenezaji wa programu kubwa za kompyuta. Alichora ngazi ya hatua zinazofuatana, na mchoro wake ukawa maarufu duniani. Lakini katika makala hiyohiyo alionya kwamba kufanya kazi kwa kufuata mchoro ule peke yake ni hatari na hukaribisha kushindwa, kwa kuwa upimaji huja mwishoni, wakati kosa limekwisha kuwa ghali. Alishauri kazi ya aina mpya ifanywe mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia, na mteja ahusishwe mapema. Ulimwengu ukauchukua mchoro na kuliacha onyo. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kanuni za kazi hiyo ambazo kwa vitendo ziliwafanya wakandarasi wengi wafuate hatua kwa hatua, na mwaka 1994 kanuni hizo zikaondolewa na kuwekwa nyingine zenye nafasi zaidi. Mwezi Februari 2001 ulipofika, mjadala ulikuwa umekwisha kuiva: mwezi huo wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakatoa tamko la kuitetea njia ya mizunguko mifupi. Walisema kwamba wao huthamini zaidi programu inayofanya kazi kuliko makabrasha, na huthamini zaidi kuyakabili mabadiliko kuliko kuung'ang'ania mpango. Hata hivyo walikiri waziwazi kwamba makabrasha na mipango navyo vina thamani yake.

Tangu hapo vijana wengi wa fani ya kompyuta, hapa kwetu na kwingineko, huzungumza kana kwamba njia ya kwanza ni ya wajinga na ya pili ni ya werevu. Huo ni urahisi wa kufikiri. Historia ya Kusini mwa nchi yetu inatufundisha jambo lenye uzito zaidi, na inatufundisha bila kompyuta.

KARANGA ZA WAINGEREZA

Wazee wa Nachingwea, jirani wa Masasi, wanaijua habari ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 tume ndogo iliyoongozwa na John Wakefield ilizunguka Afrika Mashariki kwa majuma machache tu, na ikarudi na mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa pauni milioni 25. Maeneo yaliyochaguliwa nchini yakawa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Idadi ya matrekta ilihesabiwa, idadi ya watu ikahesabiwa, na tani za mavuno ya kila mwaka zikahesabiwa. Karatasi ilikuwa kamili.

Jambo moja halikufanyika: hapakuwa na shamba dogo la majaribio la misimu kadhaa kabla ya kuanza kazi kubwa. Wako waliolishauri, lakini njaa ya mafuta ilikuwa kubwa na haraka ikashinda. Kazi ilianza mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha ekari 7,500. Miti na mizizi ya Kongwa ilivunja matrekta, yakiwamo yale yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mvua haikufuata hesabu. Na udongo, ambao ndio uliokuwa msingi wa mpango mzima, ulipokauka uligeuka mgumu mithili ya saruji, karanga zikashikwa humo ardhini. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango huo. Hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36.

Ni rahisi kuwacheka waliopanga. Lakini tuangalie upande wa pili wa kisa hicho, ambao mara nyingi husahauliwa. Mpango huohuo ndio uliotuletea bandari ya kina kirefu ya Mtwara. Ilijengwa kwa njia ya kufuatanisha hatua: kina cha bahari kilipimwa, mchoro ukachorwa, nguzo zikasimikwa, zege likamwagwa. Karanga zilikufa, na reli iliyokwenda Nachingwea ikang'olewa baadaye, lakini bandari ingalipo, na korosho za Masasi na Newala hupita humo kwenda nje.

Kwa nini mpango mmoja ulizaa bandari inayodumu na shamba lililokufa? Jibu langu ni kwamba mjenzi wa bandari alikuwa anakijua anachokijenga. Bahari ya Mtwara ilipimika, na ujenzi wa gati ni kazi iliyokwisha kufanywa mahali pengi duniani. Mpangaji wa shamba hakuujua udongo wa Kongwa, na wala hakujua kwamba haujui. Alitumia njia ya bandari katika kazi ya shamba.

Hiyo ndiyo hoja ninayotaka msomaji aishike. Swali la kwanza mbele ya kazi yoyote ya umma lisiwe njia ipi ni ya kisasa. Swali liwe: je, tunakijua tunachokwenda kukifanya, na kosa likitokea laweza kurekebishwa kwa bei gani? Kinachojulikana, na ambacho kosa lake halirekebishiki, kipangwe chote kabla ya kuanza. Kisichojulikana kijaribiwe kwa udogo, mbele ya wale watakaokitumia.

MAJI NA KOROSHO

Mifano ya pande zote mbili tunayo hapahapa. Uwanda wa Makonde ni nchi ya mchanga unaokunywa mvua yote. Juu yake hakuna mito, na kwa vizazi vingi akina mama walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ambao chimbuko lake ni miaka ya 1950, husukuma maji kutoka bondeni kupanda uwandani. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeshauri mradi wa namna hiyo ujengwe kwa kubahatisha kila majuma mawili. Nguvu ya pampu, unene wa bomba na kimo cha mlima lazima vikokotolewe kabla ya jembe la kwanza kuchimba. Hapo maporomoko ya hatua ndiyo njia, ingawa maji yenyewe yanapanda.

Sasa tutazame korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata kiasi cha tani 145,000. Kwa hesabu za mavuno kama hayo vilijengwa viwanda vya kubangua korosho, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na kwa mitambo ya Kitaliani na ya Kijapani, vikiwamo vya Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi na Mtwara. Uwezo wa viwanda vyote kwa jumla ulipita tani 100,000 kwa mwaka. Lakini wakati viwanda vinafuatana kujengwa, mavuno yenyewe yalikuwa yakishuka. Bei aliyolipwa mkulima haikumtia moyo; uhamiaji wa vijijini wa miaka ya 1970 uliwaweka wengi mbali na mikorosho yao; na ugonjwa wa ubwiri unga ukashambulia maua. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mitambo ikakaa kimya, mingine ikiwa haijawahi kufanya kazi kwa uwezo wake wote hata mwaka mmoja.

Ubwiri unga, kwa upande wake, ulikabiliwa kwa njia nyingine. Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara mjini, hawakuanza na mpango wa nchi nzima. Walijaribu unga wa salfa shambani, wakapima upulizwe wakati gani maua yanapochipua, mara ngapi kwa msimu, na kwa kiasi gani kwa kila mti. Kila msimu ulikuwa mzunguko, na mti wenyewe ulikuwa mwalimu. Kilichoshindikana kiliachwa, kilichofaa kikapelekwa kwa wakulima. Zao lililokuwa linakufa likainuka, hata msimu wa 2017/18 likapita tani 300,000. Naam, sababu za kuinuka zilikuwa nyingi, bei ikiwa mojawapo, lakini bila kuushinda ubwiri unga bei nzuri ingekuta maua makavu.

MTUMIAJI NI UDONGO

Tukirudi kwenye kompyuta, tutaona mara moja kwamba mfumo wa ofisi hufanana na shamba kuliko bandari. Mashine zenyewe zinajulikana. Asiyejulikana ni mtu na mazingira yake. Mchora mfumo aliyekaa Dodoma au Dar es Salaam anajua nini juu ya ghala la kijiji? Je, anajua kwamba katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo watu watatu wenye majina mawili yanayofanana kabisa? Kwamba mke ana mikorosho yake mwenyewe lakini ameandikwa chini ya jina la mume? Kwamba mtandao wa simu hupatikana kwenye mwembe ule na si ofisini? Kwamba mkulima aliyechoka kungoja malipo huuza kwa kangomba, kwa bei ya kutupwa, na korosho zake huingia ghalani kwa jina la mtu mwingine? Hakuna kitabu cha mahitaji, hata kiwe na kurasa 500, kitakachoyataja yote hayo, kwa sababu anayeyajua hakuulizwa, na hata angeulizwa asingeyakumbuka mpaka auone mfumo ukimkwaza. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala tusidhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini. Uingereza ilianzisha mwaka 2002 mpango mkubwa wa kuziunganisha hospitali zake kwa kompyuta, uliotawaliwa kutoka makao makuu kwa mikataba mikubwa ya miaka mingi. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kuuvunja, mabilioni ya pauni yakiwa yamekwisha kutumika, na miongoni mwa malalamiko makubwa ni kwamba madaktari na wauguzi hawakushirikishwa vya kutosha. Marekani ilifungua tarehe 1 Oktoba, 2013 mfumo wa kuandikisha wananchi katika bima ya afya, ukiwa haujapimwa ipasavyo kwa ujumla wake, nao ukazirai siku ileile. Fedha hazikuwanusuru.

Kwa upande mwingine, sisi wenyewe tuna mfano wa kujivunia. Tangu miaka ya 1990 zahanati zetu zilijaza vitabu vya MTUHA, na takwimu zilipanda kwa karatasi kutoka kituoni hadi wilayani, mkoani na wizarani. Programu iliyokuja kuchukua mzigo huo, iitwayo DHIS, haikuzaliwa katika ofisi ya mkandarasi mkubwa. Ilianza Afrika ya Kusini baada ya mwaka 1994, wataalamu wakikaa pamoja na wafanyakazi wa afya wa wilayani, wakitengeneza kipande, wakikionyesha, na kukibadili. Hapa nchini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuiandaa. Ilijaribiwa kwanza katika Mkoa wa Pwani, mapungufu yakaonekana, na kufikia mwaka 2013 ikasambazwa katika wilaya zote. Mganga wa Newala anayeingiza takwimu leo anavuna matunda ya makosa yaliyorekebishwa Pwani kabla hayajamfikia.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako watumishi wenye busara watakaosema: hiyo mizunguko mifupi ni jina zuri la kutokuwa na mpango. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mwalimu aliyefundishwa mfumo mwezi Machi, akakuta mwezi Juni vitufe vyote vimehamishwa, ana haki ya kukasirika. Tena nchi yetu imekwisha kuona miradi mingi ya majaribio iliyofadhiliwa na wageni, iliyojaribiwa mpaka fedha za mfadhili zikaisha, na kompyuta zikabaki chini ya vumbi ofisini. Jaribio lisilokuwa na siku ya kuamuliwa ni ubadhirifu wa taratibu.

Hoja nyingine ni ya fedha na sheria. Mkulima hawezi kufanywa panya wa maabara. Jedwali la malipo likikosea kwa mzunguko mmoja tu, kuna nyumba itakayolala njaa. Hapa nakubali kabisa, na ndiyo maana nimesema kinachojulikana kipangwe chote kabla. Kanuni za hesabu zinajulikana: kilo zilizopokelewa, bei ya mnada, makato ya halali, na kiasi cha kulipwa. Sehemu hiyo ya mfumo iandikwe kwa ukamilifu, ikaguliwe na wahasibu, ipimwe mara mia kabla ya shilingi ya kwanza kupita. Lakini namna ya kumtambua mkulima, namna karani anavyoingiza mzigo usiku foleni ikiwa ndefu, namna ya kusahihisha jina lililokosewa bila mwenye jina kufunga safari mara nne kwenda mjini, hayo hayajulikani mpaka yajaribiwe. Mfumo mmoja waweza kuwa na bandari yake na shamba lake. Ustadi ni kutozichanganya hizo mbili.

Walimu wataielewa hoja hii kuliko mimi. Mwalimu ana azimio la kazi la mwaka mzima, nalo hufuata hatua: mada hii kabla ya ile. Lakini ana pia zoezi la kila juma, ambalo humwonyesha kwamba nusu ya darasa haikuelewa sehemu, naye hurudi nyuma. Mwalimu asiyekuwa na azimio la kazi hupotea. Lakini mwalimu anayefundisha miezi kumi bila zoezi hata moja, akangojea mtihani wa mwisho ndipo ajue kama wanafunzi walielewa, tutamwitaje? Mifumo mingi ya umma hutengenezwa na mwalimu wa namna hiyo: mtihani wa kwanza ndio mtihani wa mwisho.

YATUPASA NINI

Mambo manne yanafaa kufanywa, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kalenda ya shamba iheshimiwe. Korosho huja mara moja kwa mwaka, na minada huanza takriban Oktoba. Mfumo mpya ukifunguliwa Oktoba, kosa litagunduliwa wakati maghala yamejaa, na hakuna mzunguko mfupi utakaoliponya kwa wakati. Lakini ufuta na mbaazi hutangulia kuvunwa. Hayo ndiyo mashamba yetu ya majaribio. Mwaka 2024 mnada wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania ulitumika katika mazao hayo kabla ya kufikia korosho za msimu wa 2024/2025. Mpangilio huo uwe kanuni: kila badiliko la mfumo lipite kwenye ufuta, lisahihishwe kwenye mbaazi, ndipo liruhusiwe kugusa korosho. Na kuanzia Septemba mpaka minada iishe, pasiwe na kubadili kitu isipokuwa kuziba kosa.

Pili, mikataba ibadilike. Ilivyozoeleka, mkandarasi hulipwa anapokabidhi ripoti ya mahitaji, tena anapokabidhi mchoro, tena anapokabidhi mfumo. Analipwa kwa karatasi. Sehemu kubwa ya malipo ifungamanishwe na kazi inayotumika: vyama kadhaa vya msingi vimepokea mzigo na kulipa wakulima wao kwa mfumo huo msimu mzima. Vijana wetu wa ndani wameonyesha uwezo. Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 mahali pa ule wa TANePS, ni kazi ya wataalamu wa Kitanzania. Faida ya fundi wa nyumbani ni kwamba yupo. Tumtumie kwa kumrudisha uwandani kila mara, wala tusimgeuze kuwa mkandarasi wa kukabidhi na kuondoka.

Tatu, daftari lisichomwe kabla ya wakati. Katika msimu wa kwanza wa mfumo wowote, karani aandike pande zote mbili, na tofauti baina ya daftari na kompyuta ichunguzwe kila juma. Kazi itakuwa maradufu, naam, na karani alipwe kwa hiyo. Ni nafuu kuliko kurudia uhakiki wa wakulima wa mkoa mzima wakati fedha zimekwama.

Nne, na hili ndilo kubwa, lalamiko la mtumiaji lipewe cheo. Katika ofisi zetu nyingi, mtumishi anayesema mfumo una kasoro huonekana mpinga maendeleo. Ataambiwa akajifunze zaidi. Hapo ndipo njia ya mizunguko mifupi hufa, kwa sababu chakula chake ni lalamiko la kweli. Mkuu wa idara anayewanyamazisha makarani wake hana tofauti na bwana shamba wa Kongwa anayeandika katika taarifa kwamba udongo unaendelea vizuri. Kila mfumo uwe na mahali pa kupokea kasoro, kila kasoro ipewe namba na siku ya kujibiwa, na orodha hiyo ibandikwe mbele ya ofisi, watu waione. Kasoro isiyorekebishwa baada ya siku hiyo, mkubwa aitolee sababu kwa maandishi.

Hakuna lolote katika haya linalodai fedha za kigeni au elimu isiyokuwapo nchini. Linalodaiwa ni unyenyekevu wa mpangaji mbele ya asichokijua, na ujasiri wa mtumishi wa kusema anachokiona. Mpango wa karanga haukukosa mainjinia, wala pauni, wala matrekta. Ulikosa mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema: tupande ekari mia kwanza, tungoje mvua mbili, kisha tuongee.

Minada ya korosho ijayo itafika Oktoba, kama kawaida yake, wala haitangoja mkandarasi. Halmashauri zinazokusudia kubadili mifumo yake zina ufuta na mbaazi za kujaribia kabla ya hapo. Zianze sasa, na zianzie kwa karani wa ghala.